Uji Mchachu wa Mama Anastasie

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado haujabanduka kwenye miti, na Anastasie anachovya kidole chake kidogo ndani ya sufuria ya uji. Anakiacha humo huku akihesabu moyoni mpaka kumi. Kidole kinavumilia. Ndipo anapovuta kibuyu kilichoegemezwa karibu na mafiga, anakitikisa mara mbili, na kumimina sufuriani kitu kizito chenye harufu kali ya kuchacha.

"Kama kidole inaungua, ungoje," anasema bila kuinua kichwa. "Moto inaua ile kazi yote."

Hapa ni jikoni kwa zahanati ya kambi ya wachimbaji wa bati, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mpofi, ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo. Mwaka ni 1956. Nje ya jiko, kwenye benchi la mbao, wameketi wanaume saba, kila mmoja na bakuli lake mapajani. Wote ni wagonjwa wa tumbo.

Kabla ya kumgawia yeyote, Anastasie anapita na kumuuliza kila mtu swali lile lile, kwa sauti ya chini ili jirani asisikie.

"Kaka, iko damu mu choo?"

"Hapana, Mama. Iko mayi tu."

"Tangu siku ngapi?"

"Tatu."

Anamjazia bakuli na kusonga mbele. Mtu wa nne anasita, anatazama miguu yake. Anastasie hammiminii kitu. Anamshika mkono, anamvusha uani hadi kwenye mlango wa munganga, mwuguzi wa kambi, na harudi jikoni mpaka aone amepokelewa ndani. Uji wa wengine unangoja.

Kwa nini haliruki swali hilo hata siku moja, ni jambo ambalo mama huyu hulisimulia kwa shida. Lakini hulisimulia.

Anastasie anakadiria kwamba ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa vilimani Masisi, katika familia ya wakulima wa maharagwe na mihogo, na huko ndiko alikoolewa na Léonard. Shule hakusoma zaidi ya katekisimu. Kupika alijifunza kama kila msichana wa kilimani alivyojifunza, kwa mama yake, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja kupika kungekuwa jambo la kuulizwa na wageni.

Mwaka 1944 mtoto wake wa pili, Rosalie, alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Akaanza kuhara. Siku ya tisa mtoto alikuwa hana tena nguvu ya kulia.

"Macho yake yaliingia ndani," anasema Anastasie. "Nilikuwa namubeba, naona sawa nabeba nguo tu."

Jirani yake alikuwa mama mmoja jina lake Nyiransabimana, ambaye jamaa zake walikuwa wamehamia vilima hivyo kutoka Rwanda miaka michache kabla, na ng'ombe wachache. Alikuja na kibuyu cha mashanza, maziwa yaliyoachwa yakachacha na kuganda. Akataka mtoto apewe kijiko kimoja kimoja, na katikati ya vijiko anyweshwe maji yaliyochemshwa.

Anastasie alikataa. Maziwa yaliyochacha, kwa mtoto anayehara?

"Nilimuambia, dada, unataka kuniulia mutoto? Yeye hakukasirika. Alikaa chini, akakunywa yeye mwenyewe mbele yangu, njo akanipatia kijiko."

Siku ya nne Rosalie aliomba kiazi. Leo ni msichana wa miaka kumi na mitatu, anasoma kwa watawa.

Anastasie hasemi kwamba ni mashanza peke yake yaliyomponya mwanawe. Husema hajui. Ila mwaka ule wote alikuwa akishinda kwa Nyiransabimana akijifunza kazi ya kibuyu: namna ya kubakiza kidogo cha jana ili kianzishe cha leo, namna ya kutambua kwa pua kibuyu kinapoanza kuharibika, na kwamba kitu kilichochacha hakirudishwi motoni.

Mwaka 1952 Léonard aliandikishwa kazi ya kuchimba bati. Familia ikashuka kutoka Masisi kwenda Walikale, siku moja ndani ya lori na siku tatu kwa miguu, kutoka kwenye baridi ya vilima hadi kwenye joto la msitu linalogandisha nguo mwilini.

Kambi ilikuwa na wafanyakazi mia mbili na wanane, wengi wao wageni kutoka milimani. Kila Jumamosi walipewa posho: mchele mweupe, unga mweupe wa mahindi, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese. Posho ilishibisha. Lakini haikuwa na jani hata moja, wala maharagwe, na wanaume waliotoka shimoni jioni hawakuwa na nguvu ya kulima.

Baada ya miezi michache mambo yalikuwa ya aina mbili. Wapo waliokaa siku nne, tano, bila kwenda haja, matumbo yamejaa kama ngoma. Na wapo waliokimbilia vichakani mara nane kwa siku.

Munganga wa kambi, Hilaire, kijana aliyesomea uuguzi kwa miaka mitatu, alikuwa na vidonge na alivitumia vizuri. Mgonjwa aliyemshinda aliitwa Straton.

Straton alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtu wa Masisi kama Anastasie. Katikati ya mwaka 1953 alihara damu. Hilaire akampa vidonge, damu ikakoma, homa ikashuka. Ilikuwa kazi nzuri ya dawa, na Hilaire hakatai kujisifia kwayo. Ila wiki tano baadaye Straton alikuwa bado hawezi kula chochote kikakaa.

"Ugonjwa uliondoka," anasema Hilaire, "lakini tumbo halikurudi. Nilimpima kwa mizani ya madini, maana nyingine hatukuwa nayo. Kilo arobaini na moja. Niliandika barua ili apelekwe hospitali, na nikaandika vilevile kwa padri."

Habari hiyo Léonard aliileta nyumbani jioni, akiisema kama mtu anavyotaja kifo cha jirani. Anastasie akamkumbuka Rosalie. Akawaza mashanza. Kisha akakumbuka alipo: msituni humo ng'ombe hawaishi, mbung'o huwamaliza.

"Nilikaa, nikajiuliza," anasema. "Ni maziwa njo ilimuponyesha mutoto, ao ni ule uchachu? Kama ni uchachu, uchachu hauko wa ng'ombe peke yake."

Alikuwa na vibaba vichache vya unga wa mtama aliokuja nao kutoka Masisi. Akaukoroga kwa maji ya uvuguvugu, akaufunika, akauacha karibu na moto siku tatu. Ulioza. Aliuonja mwenyewe kwanza, akaumwa siku mbili, na Léonard akamwomba aache mchezo huo.

Aliyemwokoa ni Françoise, mama wa kijiji cha Ntoto aliyekuwa akija kambini mara mbili kwa mwezi kuuza ndizi na mihogo. Watu wa msitu huloweka mihogo mpaka ichache, ndipo waisage na kuipika. Françoise alinusa chungu cha Anastasie, akakunja uso, akasema wazi kwamba hicho ni cha kumwagwa. Halafu akaleta chake.

"Mama Françoise alinifundisha na pua," anasema Anastasie. "Alifunga macho yangu na kitambaa, ananipitishia chungu moja, na ingine. Hii iko nzuri. Hii iko mbaya. Mupaka nilijua."

Kidogo cha maji ya mihogo ya Françoise ndicho kilichouanzisha mtama wa pili. Siku ya tatu ulikuwa mchachu, safi, wenye harufu inayofanya mate yajae mdomoni. Anastasie akapika uji mwepesi, akaungoja upoe, akautia ule mchachu, akaubeba mpaka kwenye kitanda cha Straton.

Straton ni mtu mzima sasa, ana mke na mtoto mmoja. Tulimkuta kwenye mfereji wa kuoshea madini, maji yakimfika magotini.

"Siku ya kwanza nilikula kijiko ine," anasema. "Siku ya pili, kijiko kumi. Mama alikuwa anakuya asubuhi na mangaribi, anashika tu kijiko. Siku ya saba niliamuka, nikaona jua iko juu sana. Nililala usiku yote bila kutoka inje. Nilizani nimekufa."

Siku ya kumi na moja alikula bugali kidogo na lengalenga, yale majani mekundu yanayoota ovyo kando ya mfereji na ambayo hakuna aliyekuwa akijisumbua kuyachuma. Wiki ya sita alirudi kazini.

Mama hakumwacha hapo. Alimkataza kurudia mchele na samaki peke yake. Alimtaka ale maharagwe, majani, ndizi mbichi za kuchemsha, na mihogo iliyolala ikapoa. Wanawake wa kambi, walioona Straton akipita kwa miguu yake mwenyewe, wakaanza kumuuliza Anastasie anachanganya nini.

Mambo hayakuendelea kwa urahisi. Mwanzoni mwa mwaka 1954 msimamizi wa kambi, mzungu mgeni aliyekuwa na hofu ya kipindupindu, alipita nyumba kwa nyumba akikagua usafi. Kwa Anastasie alikuta vyungu vitatu vilivyochacha na vibuyu viwili. Aliviita chakula kilichooza. Akaamuru vyungu vimwagwe na vibuyu vichomwe mbele ya watu.

Anastasie alisimama mlangoni mpaka moto ulipokwisha.

"Mbele yake sikulia," anasema. "Nililia kisha, mu nyumba. Haikuwa juu ya vibuyu. Kulikuwa wagonjwa watano siku ile, na sikukuwa na kitu ya kubapatia."

Miezi miwili ikapita. Daktari wa Kibelgiji aliyekuwa akizunguka makambi alifika pale, na Hilaire, ambaye angeweza kunyamaza akalinda kazi yake, alimweleza habari nzima ya Straton akiwa na daftari lake mkononi. Daktari akataka kuuona huo uji.

Uji haukuwapo. Lakini Françoise alikuwa amechukua sehemu ya ule mchachu kwenda nayo Ntoto na kuitunza kwake. Alipelekewa ujumbe. Siku ya pili jioni alitokea kambini, matope mpaka kiunoni, na kibuyu kimefungwa kwa majani ya migomba mgongoni kama mtoto.

Daktari aliweka tone moja juu ya kioo chembamba, akainamia hadubini. Kisha akampisha Anastasie.

Hakuwahi kuangalia ndani ya chombo kama hicho. Mara ya kwanza aliona kope zake tu. Hilaire akamwonyesha namna ya kutuliza jicho.

"Niliona bintu bidogo bidogo, biko sawa fimbo," anasema, na anaonyesha kwa vidole, kana kwamba bado anaviona. "Bimoja bimefatana, bingine biko peke yake. Nilirudi nyuma. Nilisema, Papa docteur, hivi njo nilipatiaka bantu?"

Daktari alicheka, halafu akaketi na kumweleza, na Hilaire akimalizia pale Kiswahili cha daktari kilipopungua. Kwamba ndani ya utumbo wa mtu mzima wa afya wanaishi viumbe wasiohesabika wa namna hiyo, wadogo kupita macho. Kwamba wengi wao si adui. Wanasaidia kuvunja chakula, na kwa kuwa wamejaa, wale wabaya wanakosa pa kukaa. Kwamba dawa kali inapowaua wabaya huwaua na wema pamoja nao, na tumbo hubaki tupu kama tumbo la Straton. Na kwamba majani, maharagwe na mihogo vina nyuzi ambazo mtu hazimsaidii sana yeye mwenyewe, bali ndizo chakula cha viumbe hao.

Daktari hakumwahidi kwamba uji unaponya. Alisema mambo hayo bado yanachunguzwa hata Ulaya, na wenye elimu wanabishana. Lakini alimwuliza maswali mengi kuliko aliyojibu, na alipoondoka aliacha amri kwa maandishi: chungu kiwekwe katika jiko la zahanati, chini ya macho ya Hilaire, maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Mwaka uliofuata Anastasie aliandikwa kuwa mpishi wa zahanati, mwanamke wa kwanza katika orodha ya wafanyakazi wa kambi hiyo.

Mtu angeweza kukomesha hadithi hapo. Anastasie mwenyewe ndiye asiyekubali.

Mwisho wa mwaka ule wa 1954, mvua zilipokuwa zimechafua kila kijito, wachimbaji wawili walimleta jikoni mwenzao, Ndayambaje. Mlango wa munganga ulikuwa hatua ishirini tu. Hawakuupiga hodi. Sifa za uji zilikuwa zimevuma, na vidonge ni vichungu.

Ndayambaje alisema anahara. Hakusema anahara damu; aliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya mama. Na mama hakumuuliza. Alimpa uji asubuhi, mchana na jioni, siku mbili. Siku ya tatu alianguka njiani. Hilaire alimtia dawa na maji ya chumvi kwa kadiri alivyoweza. Jua lilipotua, Ndayambaje alikuwa amekufa. Alikuwa na miaka thelathini.

"Dawa ya munganga ingemuponyesha," anasema Anastasie, na hapa mikono yake inaacha kazi. "Miye njo nilimuchelewesha. Bantu banasema hapana, Mama, ni Mungu. Miye najua nilikuwa na mudomo ya kuuliza, na sikuuliza."

Alizima moto. Wiki tatu jiko lilikaa baridi. Hilaire alimwendea mara mbili, Léonard akamsihi, naye akajibu kwamba hataki tena kushika maisha ya mtu kwa mwiko.

Aliyemrudisha ni mjane wa marehemu, Joséphine-Marie. Alikuja asubuhi moja amembeba mwanawe wa miaka miwili, na bakuli mkononi. Mtoto alikuwa anahara. Hakutaja habari za mumewe. Alinyoosha bakuli.

"Sikukuwa na nguvu ya kumuangalia," anasimulia Anastasie. "Nilimuuliza tu, Mama, kuko damu? Akasema, hapana. Nilimukamata mukono, tukaenda kwa munganga wote watatu. Munganga alimupima mutoto, akasema, ni tumbo tu, umupikie. Njo nikawasha moto."

Mtoto huyo sasa anakimbia uani pale zahanati. Joséphine-Marie ndiye anayemsaidia Anastasie kusaga mtama, na ndiye anayelinda benchi asubuhi ambazo Anastasie yuko shambani. Naye anauliza swali lile lile.

Daftari la Hilaire linaonyesha kwamba mwaka 1953 kambi iliandika wagonjwa wa tumbo wapatao sitini kila mwezi. Mwaka huu ni kumi na tisa. Hilaire, mtu asiyependa kuongeza chumvi, anataka isemwe wazi kwamba katika miaka hiyo kisima kilichimbwa na vyoo vipya kumi na viwili vikajengwa, na kwamba hivyo vina sehemu kubwa katika hesabu.

"Damu ni yangu," anasema. "Homa ni yangu. Lakini mtu ambaye dawa imemponya na tumbo limemkataa, huyo namkabidhi Mama Anastasie. Na nimeongeza mstari katika daftari. Zamani niliandika mgonjwa amepewa dawa gani. Sasa naandika pia amekuwa akila nini. Ajabu ni kwamba shuleni hatukufundishwa kuuliza."

Saa nne foleni ya benchi imekwisha. Anastasie anabakiza uji mchachu kiasi cha vikombe viwili, anafunga kibuyu kwa jani, anafuta mikono, na kutembea hadi nyuma ya zahanati, ambako msitu umefyekwa majuzi na visiki bado vinatoa moshi. Kampuni imemruhusu kipande cha ardhi cha hatua sitini kwa thelathini. Aliomba mara tatu kabla ya kukubaliwa.

Anaonyesha kwa mguu: huku maharagwe, mbegu atakazoletewa na dada yake kutoka Masisi, huku mihogo ya Françoise, kwa ajili ya sombe, mboga ya majani yake, pembeni lengalenga. Anachotaka si bustani ya wagonjwa. Anataka majani na maharagwe yaingie katika posho ya Jumamosi, kwa kila mfanyakazi, mgonjwa na mzima, na amemwambia hivyo msimamizi mpya wa kambi, ana kwa ana. Msimamizi amesema ataangalia mavuno ya kwanza.

"Uji ni ya kumurudisha muntu," anasema. "Chakula njo inamulinda asianguke. Sitaki kuzeeka na ile benchi imejaa."

Mkataba wa Léonard unakwisha mwaka 1958. Anastasie amejiwekea miaka hiyo miwili.

Na siku benchi litakapokuwa tupu, atafanya nini na jiko lote lile? Anainama, anang'oa kijisiki kilicholegea, anakitupa kando ya shamba.

"Nitapikia bantu bazima," anasema. "Tangu nilifika mu hii jiko, sijapika vile hata siku moja."